Pembetatu Haiyumbi: Vijiti vya Darasani na Kazi ya Kikundi

Tangu mtaala wa umilisi uanze kufundishwa nchini kote mwaka 2019, wazazi wa pande za Ruiri wametuuliza swali moja kwa namna nyingi. Mtoto anarudi jioni na kusema mwalimu anataka katoni, vijiti vitatu, misumari na kamba. Kesho yake anataka njiti za kiberiti. Kesho kutwa ni vifuniko vya soda. "Sasa hii ni hesabu ama ni useremala?" wazazi wanauliza. Wengine wanasema wazi kwamba zamani mwalimu alichora ubaoni, mtoto akanakili, mambo yakaisha.

Tumeona ni vizuri tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu linawagusa wazazi na pia vikundi. Somo ambalo mtoto anafanya kwa vijiti ni lile la pembetatu, au "traiango" kama watoto wanavyosema, na pembetatu hiyo hiyo ndiyo inayoshika paa la kanisa na kuonyesha mtaro upite wapi shambani. Ndiyo pia itakayokuambia kama ile ploti kikundi kinataka kununua ina ukubwa ulioambiwa. Kwa hiyo tutakwenda pole pole, tukieleza kile mwalimu anachofanya darasani na kile kikundi kinaweza kufanya nje kwa kutumia maarifa yale yale.

Kwanza maneno. Katika shule zetu za Kenya hesabu hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, ndiyo maana mzazi na mtoto wakikaa na kitabu mezani hawaelewani. Wenzetu wa Tanzania hufundisha hesabu kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, na wana majina mazuri ambayo tunaweza kuazima. Pembetatu yenye pande zote tatu sawa wanaiita pembetatu sawa. Yenye pande mbili sawa ni pembetatu pacha. Yenye kona moja iliyonyooka kama kona ya kitabu ni pembetatu mraba, na kona yenyewe ni pembe mraba, yaani nyuzi 90. Majina haya yatatutosha.

Vijiti na misumari

Kazi ya kwanza ambayo mwalimu hodari huanza nayo haina namba hata moja. Kila kundi la watoto linapewa vijiti saba na misumari midogo. Vijiti vinne vinapigiliwa kuwa umbo la pande nne, na vitatu vinapigiliwa kuwa pembetatu, msumari mmoja tu kila kona. Kisha mtoto anaambiwa asukume kona kwa mkono. Lile la pande nne linalala upande kama mlevi, lakini pembetatu inakataa kata kata. Unaweza kuivunja, lakini huwezi kuilaza.

Watoto hucheka, halafu mwalimu anauliza kwa nini. Jibu ni hili: pande tatu zikishajulikana urefu wake, kuna pembetatu moja tu inayoweza kutokea, basi. Pande nne hazitoshi kuamua umbo. Zinaweza kuwa mraba, zinaweza kuwa umbo lililolala, na urefu wa pande haujabadilika hata inchi moja. Tafadhali liweke jambo hili akilini, kwa sababu tutalirudia tukifika kwenye mambo ya ploti, na pale lina pesa ndani yake.

Sasa tazama geti la boma lako. Kama fundi alipiga mbao nne tu na kujaza katikati, baada ya mvua mbili tatu geti limelala na linasugua chini, hata watoto hawawezi kulifungua. Dawa yake si bawaba mpya. Dawa ni ubao mmoja wa mshazari kutoka kona hadi kona, maana ubao huo unageuza umbo la pande nne kuwa pembetatu mbili. Katika geti la mbao ubao huo uanzie chini, upande wa bawaba, upande kwenda juu upande wa komeo, ili ubebe uzito kwa kusukumwa. Fundi wengi wanajua kuupiga, lakini si wote wanakumbuka uelekee wapi.

Tazama pia paa la darasa lenyewe. Ukiinua macho kama hakuna dari, utaona mbao zimepigwa pembetatu, pembetatu, pembetatu. Mwalimu anaweza kuwaambia watoto wahesabu ngapi wanaziona bila kutoka kwenye madawati yao.

Hapo kuna jambo lingine ambalo walimu wamelitambua. Mtoto mdogo akionyeshwa pembetatu iliyokaa vizuri juu ya kitako chake anasema ndiyo, hii ni pembetatu. Ukiigeuza isimame kwa ncha, anasema hapana. Ukichora ndefu nyembamba kama mkuki, anasema huo ni mkuki. Mke na mume Waholanzi waliokuwa walimu, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1957. Walieleza kwamba mtoto huanza kwa kutambua umbo kwa sura yake, kama tunavyomtambua jirani kwa mwendo wake, na baadaye ndipo anajifunza kulitambua kwa sifa zake. Ukimrukisha hatua atakariri tu. Vijiti ndivyo vinavyomvusha, maana pembetatu ya vijiti unaweza kuigeuza huku na huku nayo ikabaki ile ile. Pembetatu ya ubaoni haiwezi kugeuka.

Njiti kumi na mbili

Kazi ya njiti za kiberiti ndiyo tunayoipenda zaidi, na mzazi anaweza kuifanya nyumbani usiku taa ikiwaka. Tumia njiti zilizokwisha kuwashwa, au vijiti vya fagio vilivyokatwa sawa. Mpe mtoto njiti tatu: anatengeneza pembetatu moja, kila upande njiti moja. Mpe nne. Atahangaika. Atajaribu upande wa njiti mbili na pande mbili za njiti moja moja, na vitu vyote vitalala chini kuwa mstari mmoja. Njiti nne hazitengenezi pembetatu hata ukeshe.

Mpe tano: inatoka moja, ya 2, 2 na 1. Sita: moja. Saba: zinatoka mbili tofauti, 3, 3, 1 na 3, 2, 2. Endelea hivyo hadi kumi na mbili. Mtoto ataanza kufikiri kwamba njiti zikiongezeka pembetatu nazo zinaongezeka, lakini kumbe sivyo. Njiti nane hutoa moja tu. Kumi na moja hutoa nne, na kumi na mbili hutoa tatu: 4, 4, 4, halafu 5, 5, 2, halafu 3, 4, 5. Usimwambie majibu haya. Mwache atafute na kubishana na ndugu zake.

Sheria iliyojificha hapo ni kwamba pande mbili zikijumlishwa lazima zizidi ule wa tatu. Ikiwa upande mmoja ni njiti sita na nyingine mbili zinaleta sita, hakuna pembetatu. Je, mtoto wa Ruiri anaijua sheria hii kabla ya kwenda shule? Anaijua sana. Ndiyo maana hapiti barabarani hadi kona na kugeuka, anakata katikati ya shamba la mtu. Njia ya mkato ni upande wa tatu wa pembetatu, na mwenye shamba anayeweka miiba pale anapigana na hesabu.

Kukata kona za katoni

Kila mtoto anakata pembetatu yake kwenye katoni au karatasi, jinsi apendavyo, kubwa au ndogo, nyembamba au nene. Anaweka alama kwenye kona zote tatu, kisha anazichana (asizikate kwa makasi, maana atachanganya ncha ya kona na sehemu iliyokatwa). Anazipanga zile kona tatu kando kando, ncha zikikutana mahali pamoja. Zinakaa kwenye mstari ulionyooka kama rula. Watoto arobaini, pembetatu arobaini tofauti, na zote zinafanya hivyo hivyo. Ndiyo maana ya kusema pembe za pembetatu hujumlika kuwa nyuzi 180.

Kama hakuna katoni, kalamu inatosha. Chora pembetatu kubwa kwenye vumbi. Laza kalamu kwenye upande mmoja, izungushe kwenye kona ya kwanza mpaka ilale kwenye upande unaofuata, isogeze hadi kona ya pili, izungushe tena ikiwa ndani ya pembetatu, halafu ya tatu. Inaporudi ulipoanzia, ncha inatazama kule ambako kitako kilikuwa kinatazama. Imegeuka nusu mzunguko.

Hapa tunawaomba walimu wasiishie kwa kuchana karatasi. Karatasi inaonyesha, lakini haithibitishi. Kona iliyochanwa vibaya inaweza kuongeza nyuzi mbili na hakuna atakayejua. Mtoto wa madarasa ya juu aonyeshwe sababu yenyewe: ukichora mstari unaopita kwenye ncha ya juu ukienda sambamba na kitako, zile kona mbili za chini zinajitokeza tena juu, moja kila upande wa kona ya juu, na zote tatu zinajaza mstari. Mtoto aliyechana karatasi kwanza huelewa maelezo haya haraka, kwa sababu ameshaona kwa macho jambo linaloelezwa.

Njia hii ya kufundisha kwa vitendo haikuletwa na mtaala mpya peke yake. Mwaka 1998 serikali ya Kenya na shirika la Japani la JICA walianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hesabu na sayansi katika shule za sekondari, kwa sababu matokeo yalikuwa mabaya mwaka baada ya mwaka. Ulianza kwa wilaya tisa na mwaka 2003 ukapanuliwa nchi nzima. Walimu walifundishwa kupanga somo ambalo mwanafunzi anafanya kazi mwenyewe, na kubuni vifaa kwa vitu vilivyo karibu badala ya kungoja maabara. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kimeendelea na kazi hiyo ya kuwanoa walimu. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kamba na vifuniko vya soda si mvivu wala si kwamba amekosa chaki.

Fremu ya A na mtaro wa maji

Sasa tutoke darasani. Ardhi ya Ruiri inateremka kuelekea kwenye nyanda kavu za Isiolo, na kila mmoja wetu ameona mvua inavyofanya: inakawia, halafu inakuja kwa hasira na kuondoka na udongo. Wilaya za Meru na Embu zilifanya kazi kubwa ya kuhifadhi udongo katika miaka ya 1970 na 1980, wakati serikali ilipokuwa ikisaidiwa na Sweden, na wazee wanakumbuka kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo hutupwa upande wa juu ili uwe tuta. Mitaro mingine ilisimama vizuri mpaka leo. Mingine ilipasuka. Mara nyingi tofauti ilikuwa moja tu: mtaro ulipimwa au ulikisiwa kwa macho?

Mtaro wa kuzuia maji lazima ufuate usawa, yaani sehemu zote ziwe na kimo kimoja kwenye mteremko. Ukiinama kidogo upande mmoja, maji yote ya mtaro yanakimbilia hapo, yanajaa, yanavunja tuta, na sasa una korongo ambalo hukuwa nalo kabla hujaanza kufanya kazi. Macho ni shahidi mbaya kwenye mteremko. Hesabu mwenyewe: ukikosea sentimita 2 tu katika kila hatua ya mita 2, na kosa likaelekea upande mmoja, baada ya mita 100 umeteremka mita nzima.

Chombo cha kupimia ni fremu ya A, na hakigharimu kitu. Tafuta fito mbili zilizonyooka za urefu wa mita 2 au zaidi kidogo. Zifunge pamoja juu, zipanue chini ziwe na nafasi ya mita 2 hivi, halafu funga fito ya tatu katikati kuwa daraja, ikiwa umbali sawa kutoka juu kwa miguu yote miwili. Pale juu ning'iniza uzi wenye jiwe, jiwe lipite chini ya daraja. Hiyo ndiyo timazi yako. Umetengeneza pembetatu pacha, na daraja linaizuia isipanuke.

Uzi utatuambiaje usawa? Watoto wanaweza kuligundua kwa karatasi. Kata pembetatu pacha, ikunje katikati ili pande mbili sawa zilaliane. Mkunjo unatoka kwenye ncha ya juu na kuangukia katikati ya kitako, na unakutana na kitako kwa pembe mraba. Basi uzi unaoning'inia wima ukipita katikati ya daraja, kitako kiko sawa kabisa, maana kimekutana na wima kwa nyuzi 90. Miguu miwili imekanyaga kimo kimoja.

Lakini fito za msituni si rula, na miguu itapishana hata kidogo. Ndiyo maana alama ya katikati haipimwi kwa futi, inatafutwa. Simamisha fremu kwenye vigingi viwili, weka alama mahali uzi unapokata daraja. Kisha geuza fremu, mguu wa kushoto uende kwenye kigingi cha kulia na wa kulia uende kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kata hapo kwa kisu, alama ya kudumu. Kikundi kikiruka hatua hii kwa haraka ya kuanza kuchimba, ni heri kisipime kabisa.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Anzia ukingoni mwa shamba, piga kigingi, weka mguu mmoja hapo. Zungusha mguu wa pili juu na chini ya mteremko hadi uzi ulale kwenye alama, piga kigingi cha pili. Sogeza, endelea. Watu watatu wanatosha, mmoja wa fremu, mmoja wa kutazama uzi, mmoja wa vigingi. Siku ya upepo mkali uzi hucheza, basi pimeni asubuhi mapema au chagueni jiwe zito. Mkifika mwisho rudini nyuma mtazame mstari wote, na vigingi vilivyoruka sana juu au chini msivihamishe kwa hisia, vipimeni tena. Ndipo mchimbe, na kwenye tuta mpande majani ya nepia yashike udongo na kulisha ng'ombe.

Mwalimu akiazimwa fremu hii kwa siku moja, darasa zima linaelewa pembetatu pacha kwa nusu saa, na uwanja wa shule unapimwa bure.

Kamba ya 3, 4, 5

Mnakumbuka moja ya zile pembetatu za njiti kumi na mbili, ile ya 3, 4, 5? Hiyo ni ya pekee. Kona iliyo kati ya upande wa 3 na wa 4 ni pembe mraba kamili. Fundi wa msingi wa nyumba anaijua: anapima futi 3 upande mmoja wa kona, futi 4 upande mwingine, na kama kutoka alama hadi alama si futi 5, anasogeza uzi. Kwa jengo kubwa tumia 6, 8, 10 au 9, 12, 15. Pembetatu ikiwa kubwa, kosa dogo la futi halidhuru sana.

Kwa shule, chukua kamba ya mkonge, igawanye kwa mafundo katika nafasi 12 zilizo sawa, funga mwisho na mwanzo. Watoto watatu washike: mmoja fundo la mwanzo, mwingine baada ya nafasi 3, wa tatu baada ya nafasi 4 zaidi. Wakivuta, kona ya mraba inajitokeza uwanjani. Wakaitumie kuchora uwanja wa voliboli.

Ni kwa nini? Hapa vifuniko vya soda vinaingia. Upande wa 3 ujengewe mraba wa vifuniko 3 kwa 3, ambavyo ni 9. Upande wa 4 mraba wa vifuniko 16. Changanya vyote, ni 25, na vinatosha kabisa kupanga mraba wa 5 kwa 5, bila kubaki hata kimoja. Jaribu na 4, 5, 6: 16 na 25 ni 41, lakini mraba wa 6 unataka 36 tu. Vimebaki vitano, na kona si mraba. Jambo hili hupewa jina la Pythagoras, Mgiriki wa kale, lakini Wababeli walilijua kabla yake. Kuna kibao chao cha udongo, cha yapata miaka 3,800 iliyopita, chenye orodha ya namba za pembetatu za aina hii, na kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York.

Msingi usipokuwa mraba, utajua siku ya mabati. Upande mmoja yatazidi ukuta na upande mwingine yatapungua, na fundi atakuambia ununue mengine.

Ploti ya hamsini kwa mia

Sasa tumefika kwenye pesa. Vikundi vingi vinaweka akiba kwa miaka, mchango kwa mchango, ili vinunue ploti, na ploti inayotajwa zaidi ni "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa futi 100. Kwanza tujue kwamba hiyo ni futi za mraba 5,000, na watu huiita "nusu ya robo ya ekari". Sivyo hasa. Ekari ni futi za mraba 43,560, na sehemu yake ya nane ni 5,445. Mtu akikuambia anakuuzia sehemu ya nane ya ekari na kukuonyesha hamsini kwa mia, kuna futi za mraba 445 ambazo umelipia na huzioni.

La pili ni baya zaidi. Mnakwenda na kamba, mnapima bikoni hadi bikoni: 50, 100, 50, 100. Mnafurahi, mnashikana mikono. Lakini kumbukeni vile vijiti vinne vilivyolala upande. Pande hazikubadilika, ila nafasi iliyo ndani ilipungua. Ploti inaweza kuwa na pande hizo hizo huku imelala, tuseme bikoni za nyuma zimesogea upande mmoja kwa futi 30. Upande wa futi 50 sasa ni mshazari, na kina cha kweli cha ploti ni futi 40 tu (ni ile 3, 4, 5 tena, mara kumi). Ukubwa wake ni 40 mara 100, yaani futi za mraba 4,000. Sehemu moja kwa tano ya ardhi imeyeyuka na kila upande umepimwa sawasawa mbele ya mashahidi.

Dawa ni ubao wa mshazari, kama wa geti. Pimeni kutoka kona hadi kona, zote mbili. Ploti ya hamsini kwa mia iliyo mraba ina mishazari miwili iliyo sawa, kila mmoja karibu futi 112. Ile iliyolala tuliyoisema ingekuwa na mmoja wa futi 81 hivi na mwingine wa futi 136. Dakika kumi za kazi, kamba moja, na hakuna anayeweza kuwadanganya wala kudanganyika mwenyewe, maana mara nyingi muuzaji naye hajui.

Shamba lisilo na umbo la kueleweka ligawanyeni pembetatu. Ukubwa wa pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, na sababu yake mtoto wa darasa la tano anaweza kuwaonyesha kwa kukata katoni: kila pembetatu ni nusu ya sanduku lililoifunika. Kipande cha pembetatu chenye kitako cha mita 80 na kimo cha mita 50 ni mita za mraba 2,000, karibu nusu ekari. Shamba la pande nne, pimeni mshazari mmoja mrefu, kisha kutoka kila kona iliyobaki mpime mwendo mfupi hadi kwenye mshazari huo, kwa pembe mraba. Tuseme mshazari ni mita 120 na ile miendo miwili ni mita 30 na 40. Jumla ni 70, mara 120 ni 8,400, nusu yake ni 4,200. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo hapo pana ekari moja na kidogo.

Tunasema hivi kwa sababu kuna njia nyingine inayotumiwa vijijini: watu hujumlisha pande mbili zinazotazamana na kugawanya kwa mbili, wanafanya vivyo hivyo na zile nyingine mbili, kisha wanazidisha. Njia hii ni ya zamani sana. Katika hekalu la Edfu, Misri, kuna maandishi ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita yanayopima mashamba namna hiyo, na kwa shamba la pembetatu waliandika upande wa nne kuwa sifuri. Tatizo ni kwamba, isipokuwa shamba ni mraba au mstatili kamili, daima inatoa jibu kubwa kuliko ukweli, kamwe si dogo. Inampendeza anayeuza. Anayelima naye anaumia mwaka hadi mwaka: analipa trekta kwa ekari ambayo haipo, ananunua mbolea na mbegu za ekari ambayo haipo, halafu anashangaa mavuno yalikwenda wapi.

Kamba yenu haichukui nafasi ya mpima ardhi mwenye leseni, wala ya kwenda kufanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, wala ya kibali cha bodi ya ardhi kwa shamba la kilimo. Fanyeni hayo yote. Lakini ipimeni kwa kamba kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza, maana baada ya hapo maneno huwa mengi.

Kuhusu shule, tumeona mpango mmoja unaofanya kazi. Badala ya kila mzazi kutafuta vitu usiku wa kuamkia somo, kikundi kiweke gunia moja shuleni: katoni zilizokunjuliwa, vifuniko vya soda mia moja hivi, fito fupi, kamba ya mafundo kumi na mawili. Vifaa hivyo vinatumika na kila darasa linalofuata. Kamba ya mkonge inywee maji na kukauka mara moja kabla ya kufungwa mafundo, la sivyo itajikunja na nafasi hazitakuwa sawa tena. Na fremu ya A ikae mahali pakavu, na kabla ya kila msimu wa kuchimba itafutiwe upya ile alama ya katikati, kwa kuwa fito zikikauka hupinda.